Wanafunzi Waliozifunza Mashine Kusema

Shahada ya uzamivu ni hati ya ushahidi. Yeye aitunukiwaye hushuhudiwa na walimu wake kwamba ameongeza jambo katika hazina ya maarifa, na kwamba jambo hilo kabla yake lilikuwa halijulikani au halijathibitishwa. Katika elimu nyingi jambo hilo huwa dogo, na tasnifu inayolieleza hukaa rafuni ikingoja msomaji. Ama katika elimu ya kuzifunza mashine kusikia, kusoma na kusema lugha za watu, tasnifu za wanafunzi zimekuwa misingi ya nyumba nzima. Mtu atakaye kuijua historia ya elimu hiyo hana budi kuanza na wanafunzi hao, vyuo walivyosomea na walimu waliowalea.

Historia hiyo ina funzo kwa wasomi wa Kiswahili. Hatua zake kubwa zilipigwa na watu waliovuka ua uliozitenga idara mbili zisizosalimiana. Upande mmoja wa ua walikaa wataalamu wa lugha, wanaojua sauti, maneno na sentensi. Upande wa pili walikaa wahandisi na wanahesabu, wanaojua umeme na, baadaye, kompyuta. Kila upande ulikuwa na nusu ya maarifa, na kila upande aghalabu uliamini kuwa nusu yake ndiyo nzima.

Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ni mahali pafaapo kuanzia. Mwaka 1948 David Abercrombie alikwenda huko kuanzisha idara ya fonetiki katika chuo kikuu. Fonetiki ya siku hizo ilitegemea zaidi sikio na ulimi: mwanafunzi alizoezwa kusikia tofauti ndogo za sauti, kuzitamka mwenyewe, na kuziandika kwa alama maalumu. Mapema katika miaka ya 1950 mhandisi Mwingereza, Walter Lawrence, aliunda mashine iliyoitwa PAT, ambayo ilitoa sauti mfano wa usemi wa mtu kwa kuongozwa na vipimo vichache vya mlio. Mashine hiyo ilipoingia katika kazi ya wanafonetiki wa Edinburgh, walipata chombo ambacho wazee wao hawakuwa nacho: sauti ambayo waliweza kuibadili kipimo kimoja kimoja, bila ya kumwomba mtu yeyote aseme tena.

Miongoni mwa wasomi hao alikuwa Peter Ladefoged. Mwaka 1957 yeye na mwanasaikolojia Donald Broadbent walichapisha jaribio ambalo husomwa hata leo. Waliitumia PAT kutoa neno moja lisilobadilika hata chembe, wakalitanguliza kwa sentensi ileile iliyotolewa kwa sauti za namna mbalimbali. Neno lilelile lilisikiwa kuwa neno hili baada ya sentensi moja, na kuwa neno lile baada ya sentensi nyingine. Maana yake ni kwamba sikio haliipimi irabu peke yake. Kwanza humpima msemaji, kisha huihukumu irabu kwa kadiri ya kinywa kilichoitoa. Hoja hiyo isingeweza kuthibitishwa na mwanafonetiki asiye na mashine, kwani hakuna mtu awezaye kulitamka neno mara mbili bila ya kulibadili. Wala isingeweza kuulizwa na mhandisi asiyeijua irabu. Mwaka 1959 Ladefoged alitunukiwa uzamivu kwa tasnifu juu ya asili ya irabu, akaenda kufundisha Ibadan, Nigeria, na mwaka 1964 kikachapishwa kitabu chake cha uchunguzi wa sauti za lugha za Afrika ya Magharibi.

Njia ya Ibadan ilipitwa na mwanafonetiki mwingine wa Edinburgh, John Laver, aliyefundisha huko katika miaka ya 1960. Mwaka 1984 Laver akawa mwanzilishi wa Kituo cha Utafiti wa Teknolojia ya Usemi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kituo kilichoundwa makusudi kuziunganisha isimu na elimu ya kompyuta. Katika mafunzo ya uzamili yaliyokulia huko, mtu aliyetoka katika isimu alilazimika kujifunza hesabu na uandishi wa programu, na mtu aliyetoka katika kompyuta alilazimika kujifunza silabi, mkazo na kiimbo. Kila mmoja aliingia darasani akiwa mwanachuoni katika nusu ya somo na mtoto mchanga katika nusu ya pili. Hali hiyo haipendezi kwa mtu mzima mwenye shahada, lakini ndiyo iliyozaa matunda. Paul Taylor alipata uzamivu wake Edinburgh mwaka 1992 kwa kazi juu ya kiimbo cha Kiingereza, na Alan Black alipata wake mwaka 1993. Katika miaka iliyofuata wawili hao waliandika Festival, programu inayopokea maandishi na kuyasoma kwa sauti. Ilitolewa bure, matumbo yake yakiwa wazi, hata mtu wa nchi nyingine aliweza kuichukua na kuitia lugha yake. Jambo hilo la mwisho msomaji aliweke akiba, kwa kuwa litatufikisha Nairobi.

Marekani ilifika kwenye jambo hilihili kutoka upande wa pili wa ua. Raj Reddy, mzaliwa wa Andhra Pradesh nchini India, alipata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1966 kwa kazi ya kuitambulisha kompyuta usemi, na mwaka 1969 akahamia Carnegie Mellon katika mji wa Pittsburgh. Kati ya mwaka 1971 na 1976 idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya Marekani iligharimia mpango wa kutafuta mashine iwezayo kufahamu usemi wa mfululizo wenye maneno 1,000. Waliotimiza kazi hiyo walikuwa wanafunzi wa Reddy. James Baker, katika tasnifu ya mwaka 1975, alionyesha kwamba usemi waweza kutambuliwa kwa hesabu za uwezekano: mashine haielezwi kila kanuni ya matamshi, bali husikilizishwa mifano mingi, ikahesabu ni sauti gani hufuata sauti gani, na kwa wingi gani. Tasnifu ya Bruce Lowerre ya mwaka 1976 ilieleza mashine iliyoitwa Harpy, iliyojua maneno 1,011. Mwaka 1988 Kai-Fu Lee alikamilisha yake juu ya Sphinx, mashine iliyotambua usemi wa watu ambao haikupata kuwasikia kabla. Mwaka 1994 Reddy alikuwa mmoja wa wawili waliopewa tuzo ya Turing, na mwaka 1996 Carnegie Mellon ilikuwa na taasisi nzima ya teknolojia ya lugha, yenye uzamili na uzamivu wake yenyewe.

Njia ya hesabu ilishinda, na ushindi wake ulileta kiburi. Baadhi ya wahandisi walianza kumwona mtaalamu wa lugha kama abiria asiyelipa nauli. Walakini hesabu za uwezekano zina njaa yao. Mashine ya namna hiyo hula matini na usemi ulioandikwa kama tanuri lilavyo kuni, na isipopata kuni hupoa. Kiingereza kilikuwa na msitu. Kiswahili, ambacho kilikuwa na wasemaji wengi, magazeti, vitabu na redio, hakikuwa na msitu uliokatwa na kupangwa. Miti yake ilikuwa imesimama, na mashine haiwezi kula mti uliosimama.

Aliyeshika shoka alitoka nchi isiyotarajiwa. Kifini, lugha ya Ufini, hujenga maneno yake kwa kuunganisha viambishi, hata neno moja likawa na maumbo mengi mno. Kamusi ya kuorodhesha kila umbo isingemalizika kuandikwa. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi alitoa katika Chuo Kikuu cha Helsinki tasnifu ya uzamivu iliyolitatua tatizo hilo kwa njia iitwayo mofolojia ya viwango viwili. Njia yenyewe ni rahisi kuelezwa kwa mfano wa Kiswahili. Katika kiwango cha ndani kuna vipande *ki* na *akula*. Katika kiwango cha nje kuna *chakula*. Katika wingi, ndani kuna *vi* na *akula*, nje kuna *vyakula*. Kanuni husimama kati ya viwango hivyo na kusema: *ki* ikikutana na irabu hugeuka *ch*, na *vi* hugeuka *vy*. Mashine iliyofunzwa kanuni hizo huweza kutoka nje kwenda ndani, yaani kulichambua neno, au kutoka ndani kwenda nje, yaani kulijenga.

Hapo hapo mtu ajuaye lugha huona mtego. Kanuni hiyo ikiachwa peke yake, kiongozi atageuzwa *chongozi* na kiatu kitageuzwa *chatu*, mnyama ambaye hakuna atakaye kumvaa mguuni. Hapana budi awepo mtu wa kusema ni maneno yapi yanayoitii kanuni na yapi yanayoikataa. Tena awepo mtu wa kukikata kitenzi mahali pake: *hawatatupigia* ni vipande saba, *ha-wa-ta-tu-pig-i-a*, na kila kipande kina kazi na mpaka wake. Mwalimu wa sarufi huyajua hayo bila ya kuyafikiri. Mashine haijui hata moja mpaka iambiwe.

Aliyeiambia ni Arvi Hurskainen wa Helsinki, na habari ya elimu yake yastahili kuangaliwa. Tasnifu yake ya mwaka 1984 haikuhusu kompyuta kabisa. Ilihusu jamii ya wafugaji Waparakuyo wa Tanzania na nafasi ya ng'ombe katika maisha yao. Alikijua Kiswahili kwa kukaa miongoni mwa wasemaji wake. Karibu na wakati huohuo Koskenniemi alikuwa amemaliza kazi yake katika chuo kilekile, na kuanzia mwaka 1985 Hurskainen akaingia katika kazi ya kukitia Kiswahili katika viwango viwili. Mwaka 1992 makala yake juu ya uchambuzi huo ilitoka katika toleo la kwanza la jarida la Nordic Journal of African Studies. Mwanaanthropolojia wa makamo alikubali kuwa mwanafunzi tena, na ua wa idara ukavukwa. Kutokana na kazi hiyo, na kutokana na magazeti na vitabu vya Kiswahili vilivyokusanywa, ilipatikana hazina ya matini ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25, kila neno likiwa limechambuliwa.

Sasa kuni zilikuwa zimepangwa, na wanafunzi wakaja kuziwasha. Mwaka 2005 Wanjiku Ng'ang'a alitoa Helsinki tasnifu ya uzamivu juu ya namna mashine iwezavyo kuchagua maana moja pale neno la Kiswahili linapokuwa na maana nyingi. Tatizo hilo ni la kila siku. Mathalan, *mbuzi* ni mnyama, na *mbuzi* ni chombo cha kukunia nazi. Msemaji wa Kiswahili haoni taabu, kwa sababu mnyama ni *mbuzi huyu* na chombo ni *mbuzi hii*. Upatanisho wa kisarufi humwongoza kabla hata hajafikiri juu ya nazi wala malisho. Lakini katika *alinunua mbuzi* hakuna upatanisho wa kumsaidia, naye hutazama maneno ya jirani. Kumfunza kompyuta kazi hiyo ni kuandika, hatua kwa hatua, jambo ambalo wasemaji hulitenda na hawajui kuwa wanalitenda. Ndiyo maana kazi kama hiyo huiongezea isimu yenyewe maarifa.

Mwaka huohuo wa 2005, katika mkutano wa wataalamu wa usemi uliofanyika Lisbon, Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanaisimu Frederick Iraki na wenzao walieleza mashine ya kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, iliyojengwa juu ya Festival ya Edinburgh. Hapa akiba ya msomaji inalipwa. Kilichoandikwa katika chuo cha Abercrombie kilipata kinywa cha Kiswahili mikononi mwa mhandisi na mwanaisimu wa Kenya waliofanya kazi pamoja.

Mtu aweza kudhani kuwa kusoma Kiswahili kwa sauti ni kazi nyepesi, kwa kuwa lugha huandikwa kama itamkwavyo. Ni nyepesi mpaka ijaribiwe. Tarakimu 2 isomwe vipi? Katika *watoto 2* ni wawili, katika *vitabu 2* ni viwili, katika *miti 2* ni miwili, katika *siku 2* ni mbili. Ilhali 6, 7 na 9 hazigeuki kwa ngeli yoyote. Mashine isiyojua ngeli haiwezi hata kusoma tangazo la bei. Neno *barabara* likiwa na mkazo katika silabi ya tatu ni njia ya magari; likiwa na mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa. Neno *mbuni* likiwa na silabi mbili ni ndege mkubwa asiyeruka. Likiwa na silabi tatu ni mtu aliyebuni kitu. Maandishi hayaonyeshi tofauti yoyote. Mhandisi aliyesoma vitabu vyote vya umeme hawezi kuyabahatisha hayo. Na mwalimu ayajuaye tangu utotoni hawezi kuyatia katika mashine ikiwa hajui mashine inauliza nini.

Mwaka 2006 watafiti wa Antwerp, Ghent na Nairobi waliitumia hazina ya Helsinki kuifunza kompyuta kutambua aina za maneno ya Kiswahili kwa njia ya hesabu. Tazama safari hiyo: maneno yaliandikwa Afrika ya Mashariki, yakachambuliwa Ufini, yakatumiwa Ubelgiji na Kenya. Hakuna ubaya katika safari ya elimu, maana elimu haina uraia. Lakini jambo moja lastahili kukumbukwa: apangaye kuni ndiye aamuaye ni mti upi uingie tanurini na upi uachwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene vilishirikiana kukusanya hazina ya matini na usemi wa Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya iitwayo KenCorpus. Hapo uamuzi wa kuchagua ulikuwa umekaribia nyumbani.

Uamuzi huo si mdogo, na historia ya Kiswahili inajua uzito wake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha chini ya serikali za kikoloni ili kuusimamia uamuzi huo. Kimvita, chenye washairi wake na adabu yake ya karne nyingi, kilibaki nje ya mlango. Vitabu vya shule, mitihani na kamusi vilifuata njia iliyochaguliwa na watu wachache ndani ya miaka michache. Wasomi wamekuwa wakiujadili uamuzi huo tangu hapo, lakini hakuna aliyeweza kuufuta.

Leo unatokea usanifishaji wa pili, usio na mkutano wala kamati. Mashine za siku hizi hujifunza lugha kutokana na matini nyingi kupita kiasi, na Kiswahili zinachokisema ni kile kilichoingia katika chakula chao. Zikilishwa magazeti peke yake, zitasema kama magazeti. Zikilishwa tafsiri mbovu, zitaieneza tafsiri mbovu kwa ufasaha wa kutisha. Mashine ikiandika *vitu mbili*, ni nani atakayesema kama hilo ni kosa, au ni usemi wa mji fulani wenye taratibu zake? Mzee wa Lamu au wa Lubumbashi akisema na mashine isimwelewe, ni nani atakayejua kama upungufu uko katika sikio la mashine au katika hazina iliyoilisha? Maswali hayo ni ya isimu, na hayajibiwi kwa kuongeza ukubwa wa kompyuta.

Kuna wasemao kwamba wakati wa mtaalamu wa lugha umekwisha, kwa kuwa mashine mpya hazihitaji kuambiwa kanuni. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na tasnifu ya Baker ndiyo mama yake. Lakini mwanafunzi asiyehitaji kufundishwa kanuni bado anahitaji kitabu kizuri cha kusoma na mtahini mwaminifu wa kumpima. Kuchagua kitabu na kutunga mtihani ni kazi za mwalimu. Mashine ya Kiswahili inayopimwa kwa mtihani uliofasiriwa kutoka Kiingereza hupimwa kama inajua Kiingereza kilichovaa kanzu.

Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni mmoja wa wana wake. Kazi hizo zinaonyesha kuwa maarifa ya lugha hayakosekani upande huu wa bahari. Linalotakiwa ni mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili atakayekubali kuketi mwaka mmoja katika darasa la hesabu akiwa wa mwisho, na mwanafunzi wa kompyuta atakayekubali kuketi katika darasa la ngeli bila ya kudhani kuwa anashushwa cheo. Linalotakiwa pia ni msimamizi wa tasnifu asiyeuliza kwanza kazi hii ni ya idara ya nani. Ladefoged alihitaji mashine ya mhandisi, na Hurskainen alihitaji tasnifu ya jirani yake. Wote wawili walipata walichohitaji kwa sababu mlango wa pili ulikuwa wazi, nao hawakuona haya kuingia. Idara za Kiswahili na za kompyuta katika vyuo vya Afrika ya Mashariki nazo ni majirani, na mara nyingi umbali ulio kati yao ni wa kutembea kwa miguu.